Asiyeamini Anapouliza, Tumjibu Nini?

Katika vyuo vyetu vya Qur-ani hapa Msimbazi, mtoto hufunzwa sifa ishirini za Mwenyezi Mungu angali mdogo. Huzighani pamoja na wenzake kwa sauti tamu, Wujudi, Kidamu, Bakaa, mpaka mwisho, na mzazi apitaye nje akisikia hufurahi. Kisha mtoto hukua, huenda sekondari, hupata simu, hukutana na watu wa kila namna, na siku moja hurudi nyumbani na swali ambalo mahadhi yale hayalijibu: twajuaje kuwa Mungu yupo?

Mara nyingi jawabu la kwanza alipatalo ni kofi, au ukelele wa "Astaghfirullah!", au kuambiwa kuwa amepotezwa na marafiki. Kofi humnyamazisha kijana, wala halimjibu. Swali hubaki kifuani mwake likakua peke yake, mpaka siku atakapokutana na mtu mwingine wa kumsikiliza.

Makala haya twayaandikia nyumba hizo. Twataka kwanza kueleza wasioamini husema nini khasa, kwa uadilifu, kama wao wenyewe wangalivyoeleza. Kisha tutazame dini yetu ina jawabu gani, na ni wapi ambapo jawabu si la ulimi bali ni la mwendo wetu.

JAMBO HILI SI GENI

Wako wadhanio kuwa kumkana Mungu ni maradhi ya Wazungu, yaliyotufikia zamani kwa meli na sasa kwa simu. Sivyo. Qur-ani Tukufu, katika Suratul Jaathiya aya ya 24, yataja watu walioona kuwa hapana maisha ila haya ya dunia, na kuwa kinachoua watu ni kupita kwa zama tu. Kwa ajili ya neno dahari, yaani zama, maulamaa wakawaita watu hao Dahriya. Katika karne ya 9 alitokea Ibn ar-Rawandi, aliyeshambulia unabii wenyewe kwa kalamu yake. Mwanachuoni al-Khayyat alimjibu kwa kitabu kizima, na mengi tuyajuayo leo juu ya maneno ya Ibn ar-Rawandi twayapata katika vitabu vya wale waliompinga. Hii ni heshima kubwa kwa maulamaa wetu: hawakuogopa kuyaandika maneno ya mpinzani kabla ya kuyajibu.

Karibu na kwetu, mwezi wa Februari 2016, wasioamini wa Kenya waliandikisha chama chao kwa sheria. Miezi miwili baadaye chama kilisimamishwa, kwa sababu iliyotajwa kuwa ni kulinda amani na utulivu. Wenyewe wakaenda mahakamani kudai haki yao chini ya Katiba ya 2010, na baadaye wakaendelea na shughuli zao. Mwezi wa Mei 2021 katibu wa chama hicho alijiuzulu kwa kuwa alikuwa amempata Yesu Kristo. Chama kilitangaza habari hiyo chenyewe, kikamshukuru kwa kazi yake na kumtakia heri katika imani yake mpya. Tafadhali msomaji, likumbuke jambo hili, maana tutalirejea.

Kwetu Tanzania, Katiba ya 1977 katika ibara ya 19 yampa kila mtu uhuru wa mawazo na imani katika mambo ya dini, pamoja na uhuru wa kubadili imani yake. Hata kabla ya hapo, Mwalimu Julius Nyerere, ambaye mwenyewe alikuwa Mkatoliki mwenye kusali, aliandika mwaka 1968 katika utangulizi wa kitabu chake Uhuru na Ujamaa kuwa mtu hahitaji kwanza kuamua kama Mungu yuko mmoja, wako wengi au hayuko kabisa, ndipo awe mjamaa. Na mwaka 1999 mwandishi William Mkufya alitoa riwaya ya Kiswahili, Ziraili na Zirani, ambayo ndani yake yumo profesa asiyeamini, na wakanao Mungu wanapigana vita na mbingu. Basi mazungumzo haya yamo katika nchi yetu na katika lugha yetu. Si haki kumwambia kijana wetu kuwa yeye ndiye wa kwanza kuyaleta.

HOJA ZAO TATU

Wasioamini hawasemi neno moja wote, lakini tukiwasikiliza kwa makini twaona hoja tatu zikirudi mara kwa mara.

Ya kwanza ni dalili. Husema: ninyi mwaamini kwa kurithi. Mtoto aliyezaliwa Mtaa wa Msimbazi katika nyumba ya Waislamu ni Mwislamu. Angalizaliwa Machame angalikuwa Mlutheri. Angalizaliwa India huenda angalikuwa Baniani. Kila mmoja ana hakika na lake, wala hakuna aliyechagua. Mwenye akili huamini kwa kadiri ya ushahidi alio nao, na asipokuwa nao husema sijui.

Ya pili ni tabia. Husema: mwadai kuwa bila dini hakuna wema. Lakini wema wa mtu aogopaye moto, au atarajiaye bustani, ni biashara. Mimi sitarajii malipo wala siogopi adhabu, na bado simdhulumu jirani, kwa sababu namwona kuwa ni mtu kama mimi, aumia kama niumiavyo. Nanyi mwenye kuswali, mbona mizani zenu si sawa?

Ya tatu ni misiba. Husema: mwamwita Mungu Mwenye kurehemu, Mwenye uwezo juu ya kila kitu. Mbona basi nyumba huwaangukia watu wanaotafuta riziki ya halali? Na kila lifikapo jambo kama hilo, ninyi husema "ni kazi ya Mungu," mkaenda kulala.

Hizi si hoja za kitoto. Anayezicheka hajazisikia. Tuzitazame moja moja.

JUU YA DALILI

Hoja ya kurithi ni ya kweli kwa nusu yake, na nusu hiyo Qur-ani iliisema kabla yao. Mara nyingi Kitabu chetu chawalaumu watu ambao hoja yao yote ni kwamba waliwakuta baba zao wakifanya hivyo. Suratul Israa aya ya 36 yatukataza kufuata tusilo na ujuzi nalo. Na Imamu as-Sanusi, aliyefariki mwaka 1490, ambaye sifa ishirini wanazoghani watoto wetu zatokana na mafunzo yake, alikuwa mkali sana juu ya imani ya kuiga. Kwake kila mwenye akili timamu yampasa aijue dalili ya imani yake, japo kwa ujumla. Kwa hiyo tunapomfunza mtoto sifa bila ya dalili zake, twamfunza nusu ya kitabu, na ile nusu iliyobaki ndiyo atakayoulizwa barabarani.

Hata shaka yenyewe si tusi. Nabii Ibrahim (A.S.) alimwomba Mola wake amwonyeshe jinsi afufuavyo wafu, si kwa kuwa hakuamini, bali ili moyo wake upate utulivu, wala hakukemewa, alionyeshwa. Masahaba walipomlalamikia Mtume (S.A.W.) kuwa nafsini mwao hupita mawazo wanayoona vibaya hata kuyatamka, aliwaambia kuwa kule kuchukizwa kwao ndiyo imani iliyo wazi; Imamu Muslim ameipokea. Na Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameeleza mwenyewe kuwa aliwahi kuingiwa na shaka hata asiweze kuamini macho yake wala akili yake kwa muda wa karibu miezi miwili. Mtu huyo ndiye aliyeitwa baadaye Hoja ya Uislamu. Tena alipotaka kuwajibu wanafalsafa, kwanza alitunga kitabu cha kueleza maoni yao, ndipo akatunga cha kuyapinga.

Ama dalili yenyewe, tuieleze kwa mfano wa hapa hapa Kariakoo. Kila mfanyabiashara aijua mali kauli. Muuzaji mdogo wa Mtaa wa Kongo hana mtaji. Huchukua nguo kwa mwenye duka kwa ahadi, akiuza hulipa. Yamkini mwenye duka naye amechukua kwa mwenye ghala kwa namna hiyo hiyo, na mwenye ghala kwa mwingine. Sasa fikiri: ingelikuwa kila mtu, mpaka mwisho, naye amechukua kwa kauli, wala hakuna hata mmoja mwenye mali yake mwenyewe, je, kungalikuwa na shati hata moja sokoni? Mlolongo ungalikuwa mrefu kadiri upendavyo, lakini urefu hauzai mali. Shati kuwapo mkononi mwako ni dalili kuwa mahali fulani yuko mwenye nalo asiyekopa.

Basi tutazame vitu vyote vilivyopo: sisi, mti, mto, jua. Hakuna kimojawapo ambacho kuwapo kwake ni mali yake. Kila kimoja kimepewa, na chaweza kunyang'anywa. Uwapo wao wote ni mali kauli. Na kijana akiuliza, "Naye Mungu ameumbwa na nani?" jibu limo katika mfano: tunayemtafuta ni yule asiyekopa, ukiuliza amekopa kwa nani, bado hujafika kwake. Hii ndiyo maana ya Kidamu, na ya sifa isemayo kuwa Mola amejitosheleza kwa nafsi yake, zile ambazo mtoto alizighani bila ya kuelezwa.

Asiyeamini aweza kusema: kwa nini ulimwengu wenyewe, kwa ujumla wake, usiwe ndio mwenye mali? Maulamaa hujibu kuwa kitu kibadilikacho, kikaongezeka na kupungua, hakifanani na chenye kujitosheleza, na kukusanya wakopaji wote pamoja hakumfanyi hata mmoja wao awe mwenye mali. Huenda asikubali, akasema, "Mimi naishia kwenye sijui." Hapo mjadala haukwishi kwa siku moja, wala hatudai kuwa mfano mmoja utamtia kila mtu msikitini. Lakini kijana atakuwa ameona kuwa dini yake yasimama juu ya hoja, wala si juu ya fimbo ya mwalimu.

JUU YA TABIA

Hapa yatupasa tuseme ukweli, hata ukituuma. Asemaye kuwa asiyeamini hawezi kutenda jema hakuisoma sira ya Mtume wake. Mtume (S.A.W.) aliporudi kutoka Taif, akiwa amepigwa mawe na hana wa kumlinda, aliyemwingiza Makka chini ya ulinzi wake alikuwa Mut'im bin Adiyy, mtu aliyekufa bila kusilimu. Baada ya vita vya Badr Mtume alisema kuwa lau Mut'im angalikuwa hai, akawaombea mateka wale, angalimwachia kwa ajili yake. Tena kabla ya utume alihudhuria mapatano ya Hilful Fudhul, ambayo Makureshi waliapa humo kumtetea kila mwenye kudhulumiwa. Na baada ya utume alisema kuwa lau angaliitwa kwa mfano wake katika Uislamu, angaliitika. Aliujua wema mahali popote alipoukuta, akaulipa.

Na kwamba akili yaweza kutambua jema na baya, hilo nalo maulamaa wetu walijadiliana zamani. Muutazila walisema akili hujua uzuri wa uadilifu na ubaya wa dhulma hata kabla ya kuja mjumbe. Ashaariya walisema kuwa lipi ni wajibu na lipi ni haramu hujulikana kwa sheria ya Mungu. Wafuasi wa al-Maturidi walikwenda njia ya kati. Basi kijana asemaye, "Mimi najua kwa akili kuwa dhulma ni mbaya," hajatoka katika mazungumzo ya Kiislamu. Ameingia ndani yake bila kujua.

Ama dini yaongeza nini? Yaongeza nia na hesabu. Sio kweli kuwa muumini hufanya wema kwa hofu na tamaa tu. Watu wa Basra wa karne ya 8 walimjua Rabia al-Adawiyya, aliyefundisha kumwabudu Mola kwa kumpenda na si kwa kuogopa moto wala kwa kutaka pepo. Na hofu nayo ina kazi yake, kwani si kila siku moyo wa mtu una huruma. Tena wako yatima walioporwa nyumba zao na mporaji akafa tajiri, akazikwa kwa heshima. Huruma ya watu wema haiwafikii waliokwisha kufa. Muumini asema kuwa faili lao halijafungwa. Asiyeamini atasema kuwa kutamani jambo si dalili yake, na hapo asema kweli. Ndiyo sababu tulianza na dalili.

Lakini swali lake la mwisho, "mbona mizani zenu si sawa?" hilo halijibiwi kwa kitabu. Ni nani asiyejua lumbesa, gunia lijazwalo kupita kipimo ili mkulima apunjwe? Ni nani hajanunua tenga la nyanya, juu nyekundu zinazong'aa, chini maji matupu? Imamu Muslim amepokea kuwa Mtume alipita sokoni, akaingiza mkono katika rundo la chakula, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akasema kimenyeshewa na mvua. Mtume akamwuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakione, kisha akatangaza kuwa mwenye kudanganya si katika sisi. Hakumwuliza kama ameswali.

Na tutazame Suratul Maun, ambayo twaisoma katika swala kwa kuwa ni fupi. Sura hiyo yauliza ni nani akadhibishaye dini, na jawabu si yule aliyetoa hoja katika mjadala. Jawabu ni amsukumaye yatima, asiyehimiza kulishwa maskini. Kisha yawaonya wenye kuswali kwa kujionyesha, nao huzuia hata msaada mdogo wa nyumbani. Basi kuna kukana kwa ulimi na kuna kukana kwa mizani. Kijana akanaye kwa ulimi pengine ameanza kwa kumtazama baba yake akanaye kwa mizani, huku tasbihi i mkononi. Hoja ya mali kauli, hata iwe nzuri namna gani, haitaingia katika sikio ambalo asubuhi lilimsikia baba akimwapia mteja kwa jina la Mungu, naye asema uongo.

JUU YA MISIBA

Tarehe 16 Novemba 2024, siku ya Jumamosi asubuhi, jengo la ghorofa liliporomoka hapa Kariakoo, likaua watu zaidi ya 20 na kujeruhi wengi. Walikuwamo wauzaji, wateja na watafutaji wa riziki. Mwenyezi Mungu awarehemu. Katika misiba kama hii ndimo ulimi wetu huponyokwa na neno "ni kazi ya Mungu," na asiyeamini hulishika.

Tutofautishe mambo mawili. Kumwambia mfiwa kuwa sisi sote ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea ni maneno ya haki, yaliyompa mtu subira. Lakini kuyatumia maneno hayo ili pasiulizwe nani alijenga, nani alichimba, nani alikagua, huko ni kumbebesha Mola mzigo wa mikono ya watu. Mtoto wa Mtume, Ibrahim, alipofariki, jua lilipatwa siku hiyo, watu wakasema limepatwa kwa ajili yake. Ingalikuwa rahisi kunyamaza. Mtume, naye ni baba mwenye msiba, akawaambia kuwa jua na mwezi havipatwi kwa kufa kwa mtu yeyote. Na Khalifa Umar, alipopata habari ya tauni ya Sham, aligeuza msafara wake arudi Madina. Alipoulizwa kama aikimbia kadari ya Mungu, alijibu kuwa aikimbia kadari na kuiendea kadari, kama mchungaji aachaye upande mkavu wa bonde akapeleka ngamia upande wenye majani. Kwa hiyo kukagua nguzo za jengo ni kadari, na kutokagua ni kadari, na tutaulizwa tulichagua ipi.

Yabaki maumivu ambayo hayana mkono wa mtu, kama mtoto mchanga na maradhi yake. Hapo hatuna ufunguo wa kila mlango, na Qur-ani yenyewe, katika kisa cha Musa na mja mwema, yatufunza kuwa Nabii naye alishindwa kusubiri yale asiyoyajua undani wake. Muumini hubeba swali hilo pamoja na tumaini, na asiyeamini hulibeba bila ya tumaini. Lakini wote wawili hulibeba, na si adabu kumcheka mwenzako kwa mzigo ulio nao wewe pia.

NYUMBANI TUFANYE NINI?

Kwanza, swali lisikilizwe mpaka mwisho. Baba asiyejua aseme, "Mwanangu, hilo silijui, twende tukamwulize maalimu." Neno hilo halimshushi baba. Na maalimu naye asijibu kwa vitisho. Asipojua, amtafute ajuaye zaidi.

Pili, dalili zifunzwe pamoja na sifa, kwa mifano ya mitaani mwetu, tangu mtoto ana miaka kumi au kumi na miwili. Akisubiriwa mpaka akutane na mpinzani, atakwenda vitani na upanga asioujua kuushika.

Tatu, mjadala usifanywe kama mechi ya Simba na Yanga, kila mmoja apiga kelele za upande wake. Suratun Nahl aya ya 125 yatuamuru kujadiliana kwa njia iliyo bora, na Suratul Baqara aya ya 256 yakataza kulazimishana katika dini. Mwenye kushinda kwa matusi amempoteza mtu.

Nne, kijana asifukuzwe nyumbani. Hapa ndipo tunaporejea kwa wale wa Kenya. Watu wasioamini pepo wala moto walimwaga mwenzao aliyewaacha kwa shukrani na kumtakia heri. Je, sisi wenye Mtume aliyetumwa kuwa rehema kwa walimwengu, tuwe na roho ndogo kuliko wao? Nabii Nuh (A.S.) alimwita mwanawe mpaka wimbi likapita baina yao, hakuwa yeye aliyekata mwito. Kijana aliyeachiwa sahani yake mezani ana njia ya kurudi. Aliyefungiwa mlango hana.

Tano, na ndilo kubwa, tutengeneze mizani. Kila duka la Mwislamu hapa Msimbazi ambalo kipimo chake ni sawa, na kila nyumba ambayo yatima halii ndani yake, ni jawabu lisilohitaji kipaza sauti. Na kila lumbesa na kila nyanya mbovu chini ya tenga ni hoja tumwandikiayo asiyeamini kwa mikono yetu wenyewe.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azithibitishe nyoyo za vijana wetu kwa ujuzi, alainishe ndimi za wazazi, na atujaalie tuwe watu ambao mwendo wetu hauikanushi swala yetu. Amin.